Mteja wa sekunde nane

Fundi wa tovuti aliyewahi kuhudumia wauza dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, anaujua ubishi huu. Yeye anataka kuweka programu-jalizi (plagini) ya kuhesabu wageni wa tovuti, mwenye mali anauliza ya nini. Fundi anaondoka akinung'unika kwamba mzee ni mshamba.

Fundi ana hoja. Kwenye WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, unasakinisha plagini, tuseme Site Kit ya Google, unaiunganisha na akaunti, dakika chache umemaliza. Hugusi msimbo, na hata ukibadili mwonekano wa tovuti hesabu inaendelea. Tena anayelipia matangazo bila kujua yanamletea nani anatupa hela ziwani.

Lakini tuangalie kinachohesabiwa. Google Analytics 4, chombo cha Google cha kuhesabu wageni ambacho Site Kit hukiunganisha na tovuti, iliyobaki peke yake tangu toleo la zamani lizimwe Julai 2023, humhesabu mgeni kuwa ameshiriki akikaa zaidi ya sekunde 10, akifungua kurasa mbili, au akifanya jambo ambalo wewe mwenyewe umeliwekea alama kuwa muhimu. Sasa chukua mnunuzi wa Lubumbashi anayetaka magunia hamsini. Anafungua ukurasa, namba ya simu hiyo hapo juu, anapiga. Sekunde nane. Kwenye takwimu huyo kaingia akatoka bure, kapu moja na aliyepotea njia. Anayesoma historia ya dagaa huku akisubiri kivuko cha Kamanga, na hanunui hata kisado, ndiye mgeni wa maana. Fundi anayeiamini grafu atashauri nini? Namba ishushwe chini, maneno yaongezwe, watu wakae. Tovuti itapendeza kwenye grafu, simu ya mzee inyamaze.

Dawa ipo: kubonyeza namba au kitufe cha WhatsApp kuwekewe ile alama ya jambo muhimu. Ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa. Plagini ikishakaa, picha ya grafu inatumwa, fundi analipwa.

Na grafu yenyewe inataka msomaji anayeyajua mazingira. Mtu wa Igoma, Mwanza, anayetumia bando la simu mara nyingi huonekana yuko Dar es Salaam. Wageni wakipungua wakati wa mbalamwezi, ambapo dagaa hawavuliki vizuri, mzee anatazama angani. Fundi anatazama tovuti.

Sheria nayo ipo: ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume. Kuki za plagini, yaani vijifaili inavyoviacha kwenye simu au kompyuta ya mgeni, zinampa kila mgeni namba ya kumtambua. Sijasikia fundi akilitaja hilo wakati wa kupatana bei.

Mzee wa namna hii huwa na daftari. Anayepiga anaulizwa namba kaipata wapi, jibu linaandikwa pembeni ya idadi ya magunia. Fundi angeanza kwa kuliomba hilo daftari.