Majoho ya Kwaya

Kabla hujanihukumu, ujue kwamba upepo wa mji wetu wa Moshi ni kigeugeu. Mchana unapanda kuelekea mlimani. Jua likizama, baridi ya huko juu inauteremsha mjini. Mimi nilipowasha moto wangu ule, moshi ulikuwa unapanda vizuri tu kuelekea shamba la migomba, ambako hakuna mtu. Ya baada ya hapo uulizwe upepo.

Chanzo ni picha. Kazi yangu ni kutengeneza simu, na siku ikikosa wateja mtu anaishia kuangalia vitu visivyomhusu. Ndipo nikakutana na vyungu vya Magdalene Odundo, mama aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na sasa yuko Uingereza. Matumbo manene, shingo nyembamba, weusi wa kung'aa, na minadani vinauzwa kwa pesa ambayo hapa unanunua kiwanja Shanty Town, mtaa wa wenye nazo, na chenji ya kujengea ukuta inabaki. Hatumii gurudumu. Anapandisha udongo kwa mikono, anaukwangua, anaupaka udongo mwepesi uliolainishwa kwa maji, halafu anasugua mpaka ung'ae. Alikwenda mpaka Abuja ya zamani, Nigeria, mji ambao leo unaitwa Suleja, kujifunza kwa wafinyanzi wa huko, mmoja wao Ladi Kwali, ambaye picha yake iko kwenye noti yao ya naira 20. Nchi inayomweka mfinyanzi kwenye noti haitanii. Sisi tumeweka simba, faru na tembo.

Kilichonimaliza ni ule weusi. Udongo una chuma ndani yake, ndugu wa kutu. Ukiuchoma hewa ikiwa ya kutosha, chungu kinatoka chekundu. Ukikichoma tena na kuibana hewa, moshi unakosa pa kwenda, unajipenyeza kwenye vinyweleo vya udongo, na chungu kinatoka cheusi. Rangi ya dukani haihitajiki. Kinachohitajika ni pumba za mpunga, na mpunga unalimwa hapo chini tu, Mabogini na Chekereni.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa Kipare, kwao Usangi. Alinikuta uani nimejaa udongo hadi viwikoni, akatua ndoo.

"Baba, mkeo anajua?"

"Shikamoo mama. Sina mke."

"Marahaba. Ndiyo maana." Akanizunguka, akakiangalia chungu changu, kilichokuwa kimeinama kidogo kuelekea Arusha. "Kwetu kufinyanga ni kazi ya wanawake. Mwanaume akishika udongo, chungu kinapasuka."

"Mama, hii ni sanaa."

"Sawa. Lakini changanya na vigae vilivyotwangwa, usije ukatuua."

Nikachanganya, nikaanza upya. Moto wa kwanza ukaenda salama, chungu kikatoka chekundu, mzima. Mama akaguna tu.

Moto wa pili ukaangukia Jumamosi. Mama mwenye nyumba anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika, na zamu ya kufua majoho ilikuwa yake. Majoho meupe, ya kwaya nzima, yalikuwa kambani tangu mchana, upande wa chini wa ua. Mimi nilikuwa upande wa juu. Nimekifukia chungu kwenye pumba, juu nimefunika bati, nimekaa kwenye stuli nasikilizia.

Jua likazama. Upepo ukageuka. Moshi wa pumba hauna haraka. Ni mzito, unatembea chinichini, na ulitembea moja kwa moja hadi kambani. Nifanye nini? Nikimwagia moto maji, chungu kinapasuka. Nikauacha moto, nikakimbia kuanua majoho.

Kwa mikono ile ile iliyokuwa ikishika pumba na masizi.

Nadhani moshi peke yake ungeacha harufu na umanjano wa mbali. Hayo mengine mama mwenye nyumba aliyaona alipotoka na tochi.

"Aisee! Nani ameyakumbatia majoho ya Bwana?"

"Ni upepo, mama."

"Upepo una vidole vitano?"

Tulifua mpaka usiku wa manane, kwa sabuni ya mche, kwa Jik, kwa maombi. Asubuhi kwaya ilisimama mbele ya usharika, na kwenye kila bega kulikuwa na kiganja cha kijivu, kama wote wametoka kuwekewa mikono. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwa upole kama hayo ndiyo mashono mapya.

Na chungu? Nilipokuwa kambani upepo ulikuwa umenyanyua bati, hewa ikaingia itakavyo. Kilitoka chekundu kilekile, na doa moja jeusi kitakoni. Weusi wake wote ulikuwa umehamia kwenye kwaya.

Mama mwenye nyumba alikichukua kuwa fidia, akamkabidhi mama wa Usangi. Niliporudi kutoka kazini siku iliyofuata nikakikuta mafigani. Kilikuwa kimeshachemshiwa uji wa kuziba vinyweleo, na sasa kinatokota makande. Wale mama wawili wamekaa pembeni, wanachambua mchicha.

"Mama, hiyo ni kazi ya sanaa!"

Mama wa Usangi alikigeuza kidogo kwa kitambaa, akanionyesha ubavu uliokuwa unapigwa na moto.

"Si ulitaka cheusi? Nipe miezi sita. Haya, lete kuni."