Anayependa kufua anachota maji wapi?

Jumapili iliyopita nyumbani kwangu Kitangiri, hapa Mwanza, palizuka ubishi juu ya karai la nguo. Shangazi alikuwa ameshuka kutoka Igogo, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amekuja kutoka Nyegezi, na sare za shule za watoto zilikuwa zimelowekwa tangu asubuhi. Shemeji akakunja mikono ya blauzi, akaanza kufikicha kola za mashati bila kuombwa na mtu.

"Mimi kufua kunanipumzisha," akasema. "Kwangu nina mashine, lakini Jumamosi nafua kwa mkono. Kichwa kinatulia."

Shangazi alikuwa ameinamia ungo wa dagaa. Hakunyanyua hata uso. "Mwanangu, anayependa kufua mwulize kwanza anachota maji wapi."

Wiki nzima nimekuwa nayageuza maneno yao. Kwa haraka haraka unaweza kudhani ni ubishi wa mwenye nacho na asiye nacho, ukaishia hapo. Mimi nadhani una mengi zaidi, na wote wawili wana haki kidogo kuliko wanavyojidhania.

Nianze na shemeji, kwa kuwa upande wake ndio huchekwa. Yeye hushinda ofisini na mahesabu. Ripoti ya leo ikiisha, ya kesho iko mlangoni, na hakuna siku atakayoweza kuigusa kazi yake kwa mkono na kusema hii hapa, imekwisha. Shati ni habari nyingine. Limeingia na doa la wali wa maharage, limetoka limetakata, limeanikwa, linapepea. Mikono ina kazi na akili iko huru. Hata mimi naijua raha hiyo kwenye kuosha vyombo usiku watoto wakishalala: sahani zinapangwa moja moja, redio inaongea kwa sauti ya chini, na hakuna anayeniuliza kitu. Kuna watu hulipia utulivu wa namna hiyo.

Tena kuna ufundi ndani yake, na ufundi una utamu wake. Mtazame mtu anayejua kupara sato: kisu kinakwenda kutoka mkiani kuelekea kichwani, magamba yanaruka upande mmoja, na nyama haijeruhiwi. Mwingine akishika samaki huyohuyo, magamba yanamrukia mpaka kwenye nyusi. Kusonga ugali wa watu kumi usiwe na madonge ni hivyohivyo. Anayesema kazi za nyumbani hazina akili, mpe mwiko.

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, na methali hii hutolewa kila mara mtu anapolalamikia vyombo. Nimechunguza: mara nyingi anayeitoa ameketi.

Sasa twende Igogo. Nyumba ya shangazi iko juu kwenye mawe, mahali ambapo bodaboda anakushusha chini na kukwambia hapa ndio mwisho. Kufua kwake kwa wiki moja, yeye na wajukuu watatu, kunakula ndoo sita: mbili za kulowekea na kufulia, nne za kusuuza. Ndoo moja ni lita 20, kwa hiyo ndoo sita ni kilo 120 za maji, zinazopanda mawe kwa kichwa au kwa mkono wa mjukuu kabla sabuni haijafunguliwa. Na ukisimama mlangoni kwake unaliona Ziwa Victoria lote upande wako, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, zaidi ya kilomita za mraba 68,000 za maji matamu. Maji mjini yameongezeka na mtambo wa Butimba wa lita milioni 48 kwa siku, lakini maji hayapandi mlima yenyewe. Yanataka pampu, tanki na bomba, na bomba likifika mlangoni linataka pesa ya kuunganishia.

Basi si wafulie ziwani tu? Wapo wanaofulia, wamesimama majini mpaka magotini, na ukiwaona kwa mbali ni picha nzuri: vicheko, nguo za rangi zimetandazwa juu ya miamba. Shangazi alifua hivyo usichana wake wote. Alipata na kichocho huko, maana minyoo ya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji hayohayo ya pwani ya ziwa na kupenya ngozi ya aliyesimama. Akisimulia hujikuta anavicheka vituko vya siku zile, kisha anajikumbusha na kunyamaza.

Mimi hutumia kipimo kimoja kutenganisha kazi inayochukiwa kweli na inayolalamikiwa tu: ikipatikana njia ya kuiacha, nani hurudi kuifanya? Zamani nyumbani kwetu hapakupikwa wali kabla mchele haujachaguliwa mawe. Wanawake walikaa mkekani na ungo mapajani, na umbea wa mtaa mzima ulipita hapo. Siku hizi mashine nyingi za kukobolea hutenga mawe, na mchele unanunuliwa safi. Husikia watu wakisema wanakumbuka yale mazungumzo. Sijaona hata mmoja aliyekwenda sokoni kutafuta mchele wenye mawe ili ayapate tena. Kuchota maji nako hakuna arudiye. Sufuria jeusi la mkaa, lile linalosuguliwa mpaka kucha zinaisha, mke wangu aliliaga siku mtungi wa gesi ulipoingia, na hakulilia. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia mwaka 2034. Hotuba nyingi juu yake huongelea misitu na mapafu. Kwa jikoni kwetu, hoja iliyoshinda ilikuwa sufuria.

Lakini kupika hakukuachwa. Hata wenye uwezo wa kula hotelini kila siku hurudi kupika. Shemeji hurudi kwenye karai.

Nirudi kwenye ungo wa shangazi, maana pale ndipo jambo lenyewe lilipokuwa, na sisi wote tulikuwa tunatazama nguo. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza kwa taa, alfajiri wakafika ufukoni. Wapo wanaoanikwa juu ya chanja, na wapo wanaomwagwa moja kwa moja mchangani wakakaukia hapo. Pale sokoni Mwaloni Kirumba unawakuta wote wawili wamerundikwa jirani, na wa chanja ana bei ya juu. Mke wangu alikuwa amenunua wa mchanga. Shangazi aliwachambua, akawapepeta, akatoa vichwa, kisha akawaosha. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya udongo. Ya pili yalitoka meupe kidogo. Ya tatu yalionekana safi kabisa, lakini alipopitisha vidole chini ya beseni tulisikia ile sauti ya kukwaruza. Akamwaga, akaanza upya. Kazi hiyo ilikula saa nzima na maji ya karibu ndoo nzima.

Saa ile ni ya nani? Anayewaanika mchangani ameokoa gharama ya mbao na wavu wa chanja. Mchuuzi ameuza kwa bei ambayo mnunuzi anaiita nafuu. Unafuu huo umelipiwa na mtu aliyeinama juu ya beseni Jumapili mchana, na kwa kuwa yeye hana bei, dagaa wanaonekana rahisi. Kazi iliyopaswa kufanyika ufukoni ilisafiri na dagaa ndani ya mfuko mpaka kwangu. Nikisikia mtu anasema kazi za nyumbani hazihusiani na uchumi, namkumbuka shangazi akisikiliza mchanga kwa ncha za vidole.

Mahakama iliwahi kulitazama jambo hili. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mpaka leo wanasheria huitaja hukumu hiyo kwa heshima. Ila Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu aliyoidai ya nyumba, kwa hoja kwamba mume alishampa fedha za kuanzishia biashara naye akazitumia ovyo. Kazi ya jikoni ikatambuliwa, aliyeifanya akatoka mikono mitupu.

Upande wetu wanaume nitausema upesi, maana wengi wetu tunapenda kujisifu. Siku niliyoonekana naanika nguo za watoto kwenye kamba, jirani mmoja alisema kwa sauti ya kutosha nimsikie kwamba yule kalishwa limbwata. Nilikwenda kumsimulia mke wangu nikitegemea anihurumie. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Limbwata gani hilo la Jumapili tu?"

Alinipata. Mimi hupika sato wa kukaanga siku niliyoamua, wageni wakiwepo, na sifa hupokelewa kabla mafuta hayajapoa. Dagaa wa Jumatano sijawahi kuwaosha. Naipenda kazi ninayoweza kuiacha bila mtu kulala njaa, na shemeji pia, mwenye mashine, yumo kundini mwangu.

Hapo ningeweza kuhitimisha kwamba mapenzi ya kazi za nyumbani ni ya wenye hiari, na chuki ni ya wasio nayo. Nilikaribia kuandika hivyo. Kilichonizuia ni uwanja wa shangazi.

Shangazi huyuhuyu asiyetaka kusikia habari ya kufua huamka kabla ya jua, akashika fagio la njiti, akanyunyiza maji kidogo kushika vumbi, akaanza kufagia kiwanja chake kilichobanwa kati ya miamba miwili. Hufagia akirudi nyuma ili nyayo zake zisibaki. Akimaliza, ardhi ina mistari kama kichwa kilichochanwa. Msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kama moshi juu ya maji na kuja kufia kwenye taa, hufagia mafungu yao mlangoni kwanza, kisha ndiyo uwanja. Hakuichagua kazi hiyo: amefagia tangu akiwa na miaka sita, kwa amri. Hata hivyo mke wa binamu yangu alipokaa kwake na kumsaidia kufagia, shangazi alisubiri aingie ndani, akafagia tena.

Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, "Baba, pale hakuna wa kuniambia anzia huku."

Kwa hiyo hiari ya kufanya au kutofanya haimalizi maneno. Kuna na mamlaka juu ya namna: uanzie wapi, kwa saa ipi, umalize vipi. Shangazi kwenye maji yuko chini ya foleni, mlima na saa za mgao. Kwenye uwanja wake yeye ndiye mkuu. Na ndiyo maana naona tunakosea tunaposhangaa dada wa kazi anayefagia nyumba ya mtu kwa uvivu na kwao akafagia vizuri. Kwetu anaelekezwa mpaka jinsi ya kukamua tambara la kudekia. Amri ya Mshahara ya 2022, iliyoanza Januari 2023, iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kama kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumba ya kawaida anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Tofauti ile ilihesabiwa kuwa ni chakula na kitanda. Anayelala ndani, lakini, ndiye anayeitwa saa nne za usiku mgeni akifika akiwa na njaa. Sioni ni lini angepata nafasi ya kuipenda kazi hiyo.

Mashine nayo? Siipingi, ninaitamani. Ila ile ya shemeji, maji yakikatika, hugeuka meza ya kuwekea nguo zisizofuliwa, na amekiri kwamba ameshawahi kuijaza kwa jagi. Jumamosi zake za kufua kwa mkono, nikizifikiria vizuri, huenda nyingine hazikutokana na utulivu wa kichwa.

Ukinibana niseme niko upande gani, niko Igogo. Shemeji hakudanganya, raha yake ni ya kweli, lakini ilianzia kwenye bomba ambalo hakulitaja. Shangazi naye angekuwa mkweli zaidi angeutaja uwanja wake.

Jumapili ile yenyewe iliishia hivi. Shemeji alimaliza kufikicha, akainuka kufungua maji ya kusuuzia. Bomba lilikohoa mara mbili, likanyamaza. Ndoo ya akiba ilikuwa imeshaishia kwenye dagaa. Akamtazama shangazi, shangazi akatazama beseni lake, mke wangu akanitazama mimi. Nikachukua madumu mawili nikashuka. Kwenye kona ya kwanza nilikutana na yule jirani wa limbwata anapanda, dumu huku na dumu huku, jasho limemtoka. Tulisalimiana vizuri tu, tukaulizana foleni ikoje.