Barua pepe isiyobisha hodi

Jumapili iliyopita kijana wa jirani yangu hapa Katuba, mjini Lubumbashi, alinijia na simu mkononi, akaniambia: «Tantine, tangu mwezi wa kwanza ninatuma maombi ya kazi, wala hakuna kampuni hata moja iliyonijibu.» Nilimwomba anionyeshe alichotuma, na nilichokiona kinaniuma hadi leo.

Ujumbe wa mwisho alikuwa ameutuma kwa kampuni tisa za madini kwa mpigo mmoja, na anwani zote tisa zilionekana wazi. Mahali pa mada, pale simu zetu zinapoandika «objet», palikuwa patupu. Ndani hamkuwa na salamu, wala jina lake, wala kazi anayoiomba. Kulikuwa na picha sita tu, za diploma na kadi ya ONEM, ile ofisi ya taifa ya ajira, zilizopigwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua, mbili kati yake zikiwa kichwa chini.

Huyu ni mtoto aliyelelewa vizuri. Hawezi kuingia uani kwangu bila kubisha hodi, wala kutaja shida yake kabla ya kuniuliza nimeamkaje. Inakuwaje basi amrushie karatasi mtu anayemwomba riziki, kisha aondoke?

Nimewahi kusaidia kupokea maombi kazini, kwa hiyo najua yanavyopotea. Tangazo likiagiza kwamba namba yake iandikwe kwenye mada, lina sababu: barua huingia kwa mamia, na mwenye kuzichambua huzitafuta kwa namba hiyo hiyo. Barua isiyo na mada haitokei katika utafutaji huo, hata kama aliyeituma ni fundi umeme hodari kuliko wote waliotokea, na hakuna atakayejua kwamba aliomba.

Wengine hunakili ile sentensi ndefu ya Kifaransa ya «haute bienveillance», ya kumnyenyekea mkubwa, kutoka kwa rafiki, na jina la kampuni nyingine likabaki humo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaoingia kazini kwa kujulikana, na kwamba mega za intaneti ni ghali na umeme hukatika. Hata hivyo, mistari minne ya adabu haili mega. Ninaowakasirikia zaidi ni sisi wakubwa, tunaomlipia mtoto miaka mitano ya chuo kikuu bila kukaa naye nusu saa tu kumwonyesha jambo hili.

Basi tulikaa. Aliandika jina la kazi na namba ya tangazo kwenye mada, akajitambulisha, akaeleza alikofanyia mafunzo ya kazi, akaunganisha karatasi zote katika PDF moja yenye jina lake. Kisha akasita: «Tantine, niandike Madame au Monsieur?»

Nilimwambia aandike yote mawili, kwa kuwa hatujui nani ataifungua. Saa tatu usiku aliituma, kwa kampuni moja tu.