Pima ngazi kabla ya kumlaumu aliyeanguka

Mtu akianguka kwenye ngazi za Mwanga, hapa Kigoma, hajajipukuta hata vumbi, anapewa pole yake na swali juu: "Kwani ulikuwa unawaza nini?" Alikuwa anawaza kodi ya chumba, au bei ya mawese, au hata hakumbuki. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, waliwauliza watu kupitia simu zao, muda wowote wa siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati, mawazo yalikuwa mbali na kazi iliyokuwa mkononi. Hao walikuwa watu wazima, timamu. Akili ndivyo ilivyo, haitulii, na ukimwambia mwenzako "kuwa makini" onyo lako linadumu vidato viwili tu.

Mimi naona tumekazana kuuliza mawazo wakati wa kuulizwa ni ngazi.

Angalia mguu unavyofanya kazi. Ukianza kushuka, vidato viwili vitatu vya mwanzo unavipima kwa macho. Baada ya hapo mguu umeshakariri kimo, na akili inaenda zake. Mguu wenyewe ni bahili: hata kwenye njia tambarare, ncha ya kiatu hupita juu ya ardhi kwa sentimita moja au mbili hivi, basi. Kwa hiyo kidato kimoja kikiwazidi wenzake kwa sentimita mbili, kinamwangusha mtu mwenye macho mazuri mchana kweupe.

Kidato hicho mara nyingi tumekijenga wenyewe. Fundi anamwaga zege la ngazi kabla sakafu hazijamaliziwa, kila kidato sentimita 17. Miezi ikipita pesa inapatikana, sakafu ya chini na ya juu zinapigwa saruji na kuwekwa tailizi, kila moja inapanda sentimita 4, lakini ngazi zinaachwa na niru tu. Sasa hesabu: kidato cha chini kabisa kimebaki 13, cha juu kabisa kimekuwa 21. Vya katikati vyote ni 17 safi, pima maji inakubali, fundi analipwa. Anayeshuka anakuta shimo hatua ya kwanza tu, na akifika chini sakafu inampiga unyayo kabla goti halijajiandaa. Akivunjika, tunasema ajali haina kinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka duniani. Kati ya ajali zote, za barabarani pekee ndizo zinazoua zaidi. Sehemu ya kinga inapatikana kwenye futikamba.

Pima kuanzia sakafu ya chini itakavyokuwa imekwisha hadi ya juu itakavyokuwa imekwisha, kisha ndipo ugawanye. Sentimita 272 kwa vidato 16 ni 17 kila kimoja. Ikibaki sentimita ya ziada, igawe kwa vyote, usikitupie cha mwisho. Pa kukanyagia paache sentimita 28 hadi 30, unyayo ukae wote.

Zile ngazi za mawe na za udongo za vichochoroni hazina fundi, na huko ndiko mvua inakofanya kazi yake. Kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei maji yanashuka mlimani yakichimba chini ya kidato cha mwisho, kwa hiyo kidato hicho kinaongezeka kimo kila msimu, na wanaokipita kila siku ndio wa mwisho kugundua. Kata kijiti cha urefu wa kidato kimoja, pita nacho vyote. Panapotofautiana kwa unene wa kidole, rekebisha: shindilia kokoto kabla ya udongo, na uchimbe kamfereji pembeni maji yapate pa kwenda.

Mawese yakimwagika sakafuni, maji matupu yanayasambaza tu. Nyunyiza majivu, yaache yanywe, zoa, ndipo uoshe kwa maji ya moto na sabuni.

Mchikichi ni habari nyingine, maana pale hakuna kidato cha kupima. Kamba ya kupandia inaoza kuanzia ndani ikihifadhiwa mbichi, huku nje inaonekana nzima. Ijaribu ukiwa mita moja tu kutoka ardhini: egemea kwa uzito wako wote, jitikise. Shina likiwa na ukungu wa kijani baada ya mvua, acha hadi likauke. Hatari zaidi ni pale juu, mkono mmoja una panga na macho yameshahesabu madebe ya chikichi. Mpandaji mzuri hujiwekea desturi ya mwili, hategemei kukumbuka: miguu kwanza, kamba ivutwe ikaze, ndipo panga litoke. Wanaopanda sasa Tenera, mbegu chotara ya michikichi ya kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, wana nafuu ya miaka kadhaa, maana mchikichi mchanga mtu anauvuna amesimama chini.

Kwa wazee kuna jambo dogo ambalo adabu yetu inalificha. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walieleza kwamba wazee wanaosimama kutembea pale wanapoanza kuzungumza ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata. Kwao kutembea kumeshakuwa kazi inayotaka akili yote. Sasa bibi yuko katikati ya ngazi, fimbo mkononi, na kijana anapiga kelele kutoka ng'ambo, "Shikamoo bibi!" Bibi ageuke, amtambue, aitikie marahaba, na mguu uko hewani. Shikamoo isubiri afike tambarare.

Na ukiwa umebeba ndoo kichwani ukahisi unakwenda, iache iende. Watu huvunjika kwa kuokoa lita 20 za maji. Kunja viwiko, usiukite mkono ulionyooka. Kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika.

Aliyeanguka kutoka juu asinyanyuliwe kwa mikono na miguu kama gunia. Mmoja ashike kichwa kikae sawa na mgongo, wengine wamsogeze kwa pamoja juu ya ubao. Mlango uliong'olewa unafaa. Mzee ambaye mguu wake unaonekana umefupika na kupinda nje asikandwe wala kuvutwa, nyonga huenda imevunjika. Aliyegonga kichwa, hata akisema yuko sawa, asilale peke yake usiku huo. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, msisubiri kukuche ndipo mtafute gari.