Tope lenye metali nzito kwenye milango ya mito: lichimbuliwe au liachwe?

Mto unapokutana na maji ya chumvi, chembe laini za udongo zilizokuwa zikielea hugandamana na kuzama. Huzama pamoja na risasi, shaba, zinki, kadimi, aseniki na zebaki kutoka migodini, viwandani na barabarani, kwa kuwa elementi hizo hushika zaidi kwenye chembe laini na kwenye utando wa oksidi za chuma na manganizi unaozifunika. Mashapo, yaani tope na mchanga uliotua chini ya maji, hugeuka ghala la uchafu wa miaka mingi, na wataalamu hutofautiana juu ya nini kifanyike.

Wanaotaka tope lichimbuliwe husema kwamba metali haziozi. Zebaki ndiyo hoja yao kuu, kwani bakteria wa matope yasiyo na oksijeni huibadilisha kuwa zebaki ya methili, ambayo huongezeka kadiri samaki mmoja anavyoliwa na mwingine. Katika ghuba ya Minamata, Japani, kati ya 1977 na 1990 tope lenye zaidi ya sehemu 25 za zebaki kwa milioni lilinyonywa na kuzuiliwa nyuma ya kuta, na takriban hekta 58 zikafukiwa kuwa nchi kavu. Watu walikuwa wamekwisha kuugua na kufa kwa kula samaki wenye zebaki hiyo. Sioni nani angeweza kupendekeza kusubiri.

Hata hivyo, upande wa pili una kemia inayouunga mkono. Ndani ya tope lisilo na oksijeni, metali nyingi hufungwa na salfaidi (misombo ya salfa), na viumbe huzipata kwa shida. Tope likikorogwa, oksijeni huivunja salfaidi hiyo na metali huachiliwa; kadimi hasa hushikana na kloridi ya maji ya bahari na kubaki imeyeyuka. Tope lililorundikwa nchi kavu nalo linaweza kugeuka tindikali na kutiririsha metali upya.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili huegemea mno jumla ya metali iliyopimwa. Tope laini lina metali nyingi kuliko mchanga hata pasipo uchafuzi, ndiyo maana vipimo hulinganishwa na aluminiamu, elementi ya asili ya udongo inayoonyesha ulaini wa tope, kabla ya kutoa hukumu. Tena jumla haielezi ni kiasi gani kinaingia mwilini mwa kiumbe. Katika Restronguet Creek, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako migodi ya Cornwall ilimwaga shaba kwa vizazi, minyoo ya matopeni imejenga uwezo wa kuistahimili shaba hiyo. Wapo wanaouona ustahimilivu huo kuwa dalili ya usalama. Sikubaliani nao: mnyoo hufa au huishi kwa hesabu yake, lakini shaba aliyoilimbikiza humwendea samaki au ndege anayemla.

Kwa hiyo chanzo kizibwe kwanza, maana kuchimbua huku mgodi ukiendelea kumwaga ni kupoteza fedha. Baada ya hapo, pale mashapo safi yanapoendelea kuyafunika ya zamani, ningeliacha tope mahali pake na kupima samaki na kome mara kwa mara. Lakini kifuniko hicho hutegemea udongo unaoletwa na mto. Bwawa likijengwa juu ya mto, au mkondo wa meli ukiongezwa kina, mmomonyoko unaweza kufika kwenye tabaka la uchafu wa zamani, na uamuzi wa kuliacha hauna budi kupitiwa upya kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa.