Mranaha: Dawa ya Pumu Ndani ya Mmea wa Sumu

Wanaoutetea mranaha kama dawa ya pumu hawazushi jambo. Majani ya mmea huu wa porini, ambao wataalamu huuita Datura stramonium, yana atropini na skopolamini, kemikali zinazozuia ishara za neva zinazoiamuru misuli ya njia za hewa ijikaze. Misuli ikilegea, mgonjwa hupumua. Ndiyo maana katika karne ya 19 majani yake makavu yalivutwa Ulaya kama sigara za pumu, tena kwa ushauri wa madaktari.

Hoja yao ya pili, kwamba hata dawa za hospitali zimetokana na mimea, nayo ni ya kweli, ila naona inawageukia wenyewe. Atropini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na huwaokoa watu waliodhurika kwa baadhi ya viuatilifu. Ipratropiamu, ambayo wagonjwa wa pumu huivuta, ilitengenezwa kutokana na atropini hiyohiyo, ikabadilishwa ili isipenye kirahisi hadi kwenye damu na ubongo. Yaani wanasayansi waliukubali mranaha, kisha wakahangaika kuyaondoa madhara yaleyale ambayo mtu anayechemsha majani jikoni anabaki nayo.

Tatizo kubwa ni kipimo. Nguvu ya kemikali hizi hutofautiana kati ya mmea mmoja na mwingine, kati ya jani na mbegu, hata kwa udongo na majira, na kuchemsha si njia ya kuaminika ya kuziondoa. Mganga mzoefu anaweza kuhesabu majani kwa uangalifu wote, lakini hawezi kuhesabu kilichomo ndani yake. Kiasi kikizidi, kinywa hukauka, mboni hupanuka hadi mwanga unaumiza, ngozi huwa ya moto bila jasho, moyo hwenda mbio na mkojo huziba. Kisha mgonjwa huanza kuzungumza na watu wasiokuwapo na kuokota hewani vitu visivyoonekana. Kwa kuwa sumu hii hupunguza mwendo wa matumbo, mbegu zilizomezwa hukawia humo zikiendelea kuiachia, na hali hiyo yaweza kudumu siku mbili au zaidi. Mwenye glakoma, yaani ugonjwa wa shinikizo la jicho, au tezi dume iliyovimba yumo hatarini zaidi.

Kuhusu kukanda viungo vinavyouma kwa majani yaliyopondwa, ningekuwa mpole kidogo, maana ngozi nzima hupitisha kiasi kidogo kuliko tumbo. Hata hivyo, kidonda hupitisha zaidi, na kidole chenye utomvu kikifikicha jicho, mboni yake hupanuka. Kwa mtoto nisingeruhusu hata hilo.

Aliyekwisha kuumeza mmea huu awahishwe hospitali pamoja na kipande chake, kwa sababu homa na kuweweseka kwake hufanana na malaria iliyopanda kichwani au ugonjwa wa akili, na daktari asiyeoneshwa jani anaweza kuanza kutibu kitu kingine kabisa.