Niliziba Ufa, Nikajenga Ukuta

Yule mhenga aliyesema usipoziba ufa utajenga ukuta, natamani apite kwangu siku moja nimkalishe juu ya ndoo niliyoipindua, nimsimulie. Mimi nimeziba. Nimeziba kwa mkono wangu huu huu, na ukuta nimejenga vilevile.

Nyumba yenyewe ni ya zamani. Ilijengwa kabla sijazaliwa, kwa hiyo kiheshima ni mkubwa wangu, na inajua hivyo. Mlango wa mbele haufunguki mpaka uunyanyue kidogo kwa kitasa halafu uusukume kwa bega. Madirisha ya nyuma yamepakwa rangi mara nyingi hata dirisha na fremu vimeshikana vikawa kitu kimoja, nami nimeacha kuyabembeleza. Lakini fundi sijawahi kuita! Mwaka juzi bomba la mvua, lile la pembeni mwa chumba chetu, lilikuwa likidondosha maji usiku kucha, to, to, to, ndani ya bati, halali mtu. Nikapanda ngazi na tochi mdomoni, dakika tano nikawa nimeshuka. Kimya. Hadi leo kimya. Kazi ile kila mgeni anayekuja hapa lazima aisikie.

Basi mwaka huu ukajitokeza ufa. Mwembamba kama unywele, chini ya dirisha la chumbani, na rangi ya karibu yake imevimba malengelenge. Mama watoto akautazama, kisha akainua macho kwenye mfereji wa paa.

"Baba watoto, maji haya yanatoka juu."

Nikamwambia ukuta umepasuka chini, ugonjwa uko chini. Mtu akiumwa goti anatibiwa kichwa? Hoja ilinipendeza mwenyewe, nikairudia jioni.

Nikaingia intaneti. Huko nikamkuta bwana mmoja anaziba nyufa amevaa shati jeupe. Anaanza kazi shati jeupe, anamaliza kazi shati jeupe. Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Anasema kwanza uupanue ufa kwa tindo, usafishe vumbi, ulowanishe, ndipo uzibe, maana ufa mwembamba hauna pa kushikia kitu. Vizuri. Nikachukua tindo, nikapanua.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mtu hupotea. Lipu ya zamani ukiigonga kwa mpini wa nyundo, pale ilipo nzima inalia ti, ti. Pale ilipoachana na ukuta inalia bu, bu, kama ngoma. Ya kwangu ilianza bu chini ya dirisha. Nikasema ngoja nijue bu hii inaishia wapi. Nikagonga nikasogea, nikagonga nikasogea, sikio ukutani, mpaka nikakata kona ya nyumba na kukutana uso kwa uso na jirani aliyesimama kwenye uzio wake.

"Vipi jirani, umesahau mlango uliko?"

Kabla sijamjibu nikasikia nyuma yangu mlio kama wa mtu mnene anayejitupa kitandani. Bamba zima la lipu, ukubwa wa godoro, lilikuwa limelala chini. Ufa wangu wa unywele haukuwepo tena. Ukuta wa kuushikilia ndio uliokuwa umeondoka.

Jirani ni mstaafu, na mstaafu akipata mada hana saa. Akachukua kipande, akakisaga kwa vidole kikawa unga mweupe. "Hii ni chokaa," akaniambia. "Zamani walijengea chokaa. Saruji hii ya siku hizi Joseph Aspdin aliipatia hataza Uingereza mwaka 1824, na hata baada ya hapo mafundi wengi waliendelea na chokaa yao. Ukuta wa chokaa unapumua, bwana. Unyevu ukiingia unatoka. Ukiubandika saruji ngumu umeuziba pua. Changanya chokaa moja kwa mchanga tatu, uirudishie vazi lake."

Nikamshukuru sana kwa elimu. Nikaenda kununua saruji.

Tena mimi nikichanganya nachanganya. Watu wanasema saruji moja kwa mchanga nne, wengine tano, wengine sita. Nikajiuliza, kama moja kwa nne inashika, moja kwa moja itashikaje? Nikatia nusu kwa nusu, rojo la kijivu linalong'aa, nikalipaka kwa mwiko. Nusu likakaa ukutani, nusu likashuka kupitia kiwiko mpaka kwapani. Shati langu halikuwa jeupe hata mwanzoni. Kusawazisha ndiyo usiniulize. Kile kibao cha kusawazishia, ukikisukuma juu saruji inashuka, ukikisukuma chini inakufuata. Nikaweka pima maji, nikaona lile povu la hewa limekimbilia pembeni kabisa na kutulia huko. Nikaiondoa pima maji.

Halafu kuna kumwagilia. Saruji haikaushwi kwa jua, hukomaa kwa maji, na walau siku 7 inatakiwa ibaki na unyevu, la sivyo inakauka haraka na kupasuka. Kwa hiyo kila asubuhi na jioni mtu mzima mimi niko nje na ndoo naunywesha ukuta. Jirani kwenye uzio: "Jirani, utavuna mwezi gani?"

Ikaja rangi. Ukuta wangu ni mweupe, nikaagiza rangi nyeupe, mwuzaji akaniuliza nyeupe ipi. Jamani, kumbe ziko nyingi! Kuna nyeupe ya maziwa, nyeupe ya ganda la yai, nyeupe yenye ubuluu, na nyeupe isiyo na maelezo. Nikachukua hiyo isiyo na maelezo. Nilipoipaka ndipo nikagundua nyumba yangu haikuwa nyeupe, ilikuwa rangi ya meno. Kiraka kikang'aa kama shuka iliyoanikwa, unakiona kutoka barabarani.

(Kwaruzo la rangi ya zamani sikulifanyia mchezo, hilo nijisifu. Rangi za kale nyingi zilitiwa madini ya risasi, Marekani walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Nililowanisha kwanza, nikavaa barakoa, watoto nikawafukuza. Jambo moja nililofanya sawasawa, na hakuna aliyeliona kwa sababu niliwafukuza wote.)

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kiraka kikawa na mistari kama tope la bwawa lililokauka. Mvua ya pili, ikachipua chumvi, nywele nyeupe laini zinazotoka ukutani, ukizifuta kesho zimerudi. Maji yanaingia, yanayeyusha chumvi iliyomo ndani ya matofali, yanatafuta pa kutokea, yakikauka yanaiacha. Hayo nilielezwa kwenye uzio. Mvua ya tatu, usiku, nikasikia tena yule mtu mnene akijitupa kitandani. Safari hii aliondoka na kipande cha ukuta wenyewe. Saruji yangu haikuvunjika hata kidogo, ipo nzima pale bustanini kama jiwe la kaburi. Kilichovunjika ni kile ilichokishika.

Asubuhi mama watoto hakusema neno. Alipiga simu tu.

Fundi akaja, mzee mmoja mkimya. Ukuta hakuugusa. Akasimama mbali, akatazama juu, akauliza, "Ngazi iko wapi?" Nikamwonyesha yangu, ilivyosimama wima kama askari wa gwaride. Akatikisa kichwa, akavuta miguu yake nyuma. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, akasema, mguu wa ngazi utoke ukutani mita 1. Kumbe mimi miaka yote nilikuwa napanda mnara.

Akapanda. Akapitisha mkono kwenye mfereji.

"Mzee, mfereji umejaa maji mpaka mdomoni, hayateremki. Yanamwagika kwa nyuma, yanafuata ukuta. Bomba la pembeni limeziba."

Moyo wangu ulifanya to.

Akaingiza mkono kwenye mdomo wa bomba hadi kiwikoni, akavuta, kikatoka kitu cheusi, kinene, kinachotiririka. Akakidondosha. Kikaanguka miguuni mwa mama watoto. Akakiokota kwa vidole viwili, akakikung'uta mara moja, mara mbili, tope likaruka, rangi ya bluu ikajitokeza, kisha mkono, kisha shingo.

"Hii si fulana yako? Ile uliyonisemesha mwezi mzima kwamba nimeigawa?"

Jirani alikuwa kwenye uzio. Bila shaka alikuwa kwenye uzio.

Fundi akashuka, akasema ukuta uachwe ukauke kwanza wiki kadhaa, kisha atarudi na chokaa, moja kwa tatu, na sisi tusiguse kitu. Alisema "sisi" ila alinitazama mimi.

Usiku ule kukanyesha manyunyu. Mama watoto alilala fofofo. Mimi nilikuwa macho, natazama dari, nasikiliza pembeni mwa dirisha: to, to, to.